Ichokoze Kwanza, Uilipie Baadaye: Mapitio ya Programu za Uhasibu kwa Biashara Ndogo

Maonyesho ya programu za uhasibu hufanana. Ukurasa wa kwanza una grafu ya mauzo inayopanda, duara la matumizi lenye rangi nne, na ankara inayotoka na nembo ya biashara baada ya kubofya mara mbili. Hakuna uongo hapo, ila hakukusaidii kuchagua, kwa sababu kutoa ankara zote zinaweza. Njia zinaachana pale mtu anapokosea. Keshia ameandika 5,400 badala ya 4,500, bidhaa imeuzwa kabla manunuzi yake hayajaingizwa, au faili la benki limepakiwa mara mbili, na kosa linaonekana wiki 6 baadaye, mwezi umeshafungwa na kodi yake imeshapelekwa. Kwa hiyo hapa hatuhesabu vitufe. GnuCash, Manager, TallyPrime, QuickBooks, Xero, Zoho Books na ERPNext zinapimwa kwa jinsi zinavyopokea makosa, na kwa jinsi zinavyokuachia uondoke siku ukitaka kuondoka.

Kwanza wale wasiohitaji kununua kabisa. Biashara isiyokopesha, isiyo na stoo, yenye miamala 30 au 40 kwa mwezi, inatoshwa na jedwali la safu 6 kwenye Excel au LibreOffice: tarehe, maelezo, namba ya risiti, kilichoingia, kilichotoka, salio. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; hawakusema daftari lazima lilipiwe kila mwezi. Jedwali huanza kuelemewa siku unapouza kwa mkopo, maana hapo mauzo na fedha havitembei tena pamoja: umeuza leo, utalipwa mwezi ujao, na safu moja ya "kilichoingia" haiwezi kueleza yote mawili. Likiongezeka deni la msambazaji na thamani ya bidhaa zilizo stoo, unahitaji hesabu za pande mbili, yaani kila muamala unagusa upande wa debiti na upande wa krediti kwa kiasi kilekile. Programu zote 7 hapa zinafanya kazi hivyo kwa ndani, hata zile zinazojitahidi kukuficha.

Mwezi mdogo wa kupimia

Karibu zote hutoa muda wa kujaribu bure, au zina toleo la bure moja kwa moja. Muda huo usiumalize kwa kupamba nembo. Fungua kampuni ya mfano na uingize miamala 7 ifuatayo kwa mpangilio huu. Mmiliki anaweka mtaji wa 5,000 benki. Biashara inanunua vipande 10 vya bidhaa moja kwa 100 kila kimoja, kwa mkopo. Inanunua vingine 10 kwa 130 kila kimoja, ikilipa kupitia benki. Inauza vipande 12 kwa 200 kila kimoja, kwa mkopo. Mteja analipa 1,500. Benki inakata ada ya 15. Mmiliki anachukua 300 za matumizi ya nyumbani. Kodi iweke kando kwanza.

Majibu yanajulikana hata kabla ya kuwasha kompyuta. Benki isome 4,885, mteja adaiwe 900, msambazaji atudai 1,000. Faida ndiyo yenye majibu mawili, na yote ni halali. Programu inayotoa kwanza bidhaa zilizotangulia kuingia, yaani FIFO, itahesabu gharama ya vipande 12 kuwa 10 × 100 na 2 × 130, jumla 1,260. Faida ni 1,125, stoo imebaki na 1,040, na mizania (mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili) inafunga kwa 6,825. Inayotumia wastani itaona kila kipande kimegharimu 115, gharama ya mauzo itakuwa 1,380, faida 1,005, stoo 920, na mizania 6,705. Bidhaa ni zilezile, siku ni zilezile, na faida inapishana kwa 120. Ndiyo maana mhasibu wako aulizwe mapema ni njia gani inayokubalika kwa kodi unayolipa, kabla programu haijakuamulia.

Ukipata namba nyingine, hiyo namba yenyewe inakuonyesha ulikopotea. Faida ya 85 maana yake manunuzi yote ya 2,300 yamemezwa na matumizi, stoo haipo. Faida ya 2,385 maana yake stoo imepokea bidhaa lakini mauzo hayakuitoa. Mara nyingi bidhaa imefunguliwa kama huduma, au kama bidhaa isiyofuatiliwa, na mtu akaandika manunuzi kwenye akaunti ya stoo kwa mkono. Ukiona 825 au 705, zile 300 za mmiliki zimeandikwa kama gharama ya biashara. Hilo la mwisho ndilo kosa lililozoeleka kuliko yote, na hakuna programu itakayolikataa, kwa sababu kwayo ni muamala safi.

GnuCash haifuatilii stoo, kwa hiyo itakupa 85 au 2,385 kulingana na ulivyoandika, mpaka uhesabu mwenyewe mwisho wa mwezi na kuandika muamala wa marekebisho kwa mkono: kama manunuzi uliyaweka kwenye stoo, debiti gharama ya mauzo, krediti stoo, 1,260. Kwa fundi, mkalimani au mwalimu wa ziada hilo si tatizo hata kidogo. Kwa mwenye duka lenye aina 400 za bidhaa ni adhabu.

Stoo ndiyo inayozivua nguo

Sasa anza uchokozi. Fungua bidhaa mpya isiyo na salio lolote, uza vipande 5, halafu ndipo uingize manunuzi yake kwa tarehe ya siku 3 nyuma. Dukani hili hutokea kila siku: mzigo umefika asubuhi, ankara ya msambazaji inaingizwa jioni au keshokutwa.

Xero inakataa. Bidhaa inayofuatiliwa haiwezi kwenda chini ya sifuri, na ankara haiidhinishwi mpaka stoo itoshe. Kwa hesabu ni uamuzi safi; kwa mtu aliyesimama kaunta na mteja mbele yake ni kero, na matokeo yake ni kwamba wauzaji huanza kuandika mauzo kwenye "bidhaa nyingine" isiyofuatiliwa ili mteja aondoke. Baada ya miezi 2 stoo ya Xero ni nadhifu na ya uongo. Xero yenyewe hutumia wastani, haigawi stoo kwa maghala, na haifai kwa mtu anayeunganisha vipande kuwa bidhaa moja. Ukihitaji hayo utaongeza programu ya pembeni na ada yake.

QuickBooks Online inakuonya lakini inaruhusu. Inatumia FIFO, na manunuzi yakishaingia kwa tarehe ya nyuma inarudi kupanga upya gharama za mauzo yaliyofuata. Inafanya vizuri, ila ujue maana yake: faida ya mwezi uliopita inaweza kubadilika bila mtu kugusa ankara yoyote ya mwezi huo. Jambo jingine linalowakwaza wengi ni tarehe ya kuanzia ya bidhaa. Ukifungua bidhaa leo na kuiwekea salio la leo, huwezi kuiuza kwa tarehe ya jana. Utapata ujumbe wa kosa usioeleweka haraka. Weka tarehe ya kuanzia iwe siku ya kwanza ya kipindi unachohamia, si siku uliyoketi kuandika. Ufuatiliaji wa stoo pia haupo kwenye vifurushi vyake vya chini, kwa hiyo kifurushi unachojaribu kiwe kilekile utakacholipia. QuickBooks ya kompyuta, kwa matoleo ya Pro na Premier, hutumia wastani. Anayetoka huko kwenda mtandaoni ategemee thamani ya stoo kubadilika kidogo, na aandike sababu yake mahali.

TallyPrime ina mantiki ya peke yake. Haiandiki gharama ya mauzo kila unapouza. Hukokotoa thamani ya stoo ya mwisho pale unapofungua ripoti, halafu faida inatokana na stoo ya mwanzo, manunuzi na stoo ya mwisho. Kila bidhaa inaweza kupewa njia yake ya kuthaminiwa, wastani au FIFO au nyinginezo, na unaweza kuwasha onyo la stoo kwenda hasi. Faida yake ni wepesi. Hasara yake ni kwamba ukibadili njia ya kuthamini bidhaa moja, ripoti za nyuma nazo zinabadilika papo hapo, kimyakimya. Kuna pia swichi ya kuunganisha hesabu na stoo ndani ya mipangilio inayofunguka kwa kitufe cha F11. Ikizimwa, thamani ya stoo ya mwisho inasubiri uiandike kwa mkono, na mwenye kampuni anaweza kukaa mwaka mzima akishangaa kwa nini faida haieleweki.

ERPNext inakupa swichi ya kuruhusu au kukataa stoo hasi, na uchaguzi wa FIFO au wastani. Ni kali na sahihi. Manager haibani mtu. Zoho Books inafuata FIFO. Zote mbili zinafaulu mwezi wa mfano bila matatizo, na kwa biashara yenye ghala moja zinatosha.

Kufuta, kubatilisha, kufunga

Uchokozi wa pili: chukua ankara iliyokwisha kulipwa sehemu, jaribu kuibadilisha kiasi, kisha jaribu kuifuta. Halafu itafute.

Kinachotakiwa si programu inayozuia marekebisho. Makosa yapo na lazima yasahihishwe. Kinachotakiwa ni alama. Ankara ikibatilishwa, namba yake ibaki na thamani ya sifuri, maana mkaguzi akiona namba 118 na kisha 120, swali lake la kwanza ni ilikokwenda 119. ERPNext ndiyo yenye msimamo mkali kuliko zote: waraka ukishawasilishwa haubadilishwi, unaufuta kwa kuubatilisha, kisha unatoa mpya unaobeba jina lilelile na kiambatisho cha -1. Xero hairuhusu kufuta ankara iliyoidhinishwa, ni kubatilisha tu, na historia inabaki chini ya waraka. QuickBooks Online inaruhusu kufuta na kubatilisha vyote viwili, lakini kumbukumbu ya mabadiliko inashika nani alifanya nini na saa ngapi. Kwenye TallyPrime, Alt+X inabatilisha na Alt+D inafuta. Vidole vinavyokimbia havitofautishi, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida apewe ngazi ya ruhusa isiyofuta. Ipo pia TallyPrime Edit Log, toleo ambalo kumbukumbu yake ya mabadiliko haizimiki. Ukiwa na wafanyakazi zaidi ya mmoja, chagua hilo bila kufikiri mara mbili.

GnuCash hapa inapwaya. Faili lake halina nywila wala watumiaji wenye majina. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kompyuta anaweza kubadili muamala wa mwaka juzi. Ankara iliyokwisha kuingizwa kwenye leja hulindwa isiguswe mpaka iondolewe kwanza, na kuna mpangilio wa siku kadhaa ambazo zikipita miamala haiguswi tena, lakini mpangilio huo anaweza kuubadili yeyote. Ni daftari la mtu anayejiamini. Kwa upande mwingine ina tabia moja nzuri ambayo wengine wangeiga: ukiacha muamala haujalingana, inaitupia tofauti kwenye akaunti iitwayo Imbalance, waziwazi, kwenye orodha ya akaunti. Kazi yako ni kuhakikisha akaunti hiyo inasoma sifuri. Manager nayo ina akaunti ya mashaka inayobeba kila ulichosahau kukipangia akaunti, na hutaweza kujifanya hujaiona.

Kufunga kipindi ni swali la dakika 2 lakini liulizwe. Je, mwezi ukishafungwa, nani anaweza kuufungua? Xero ina tarehe mbili za kufunga, moja kwa watumiaji wa kawaida na nyingine kwa wote, hata mhasibu mwenye ngazi ya mshauri. QuickBooks hutumia tarehe na nywila. Zoho Books inaweza kufunga mauzo ikaacha manunuzi wazi, jambo la maana kwa sababu ankara za wasambazaji huchelewa. Manager ina tarehe ya kufunga kwenye mipangilio. Tally huweka ukomo wa tarehe za nyuma kwa kila ngazi ya mtumiaji. Usipoiwasha, hakuna kati ya hizi inayokulinda.

Benki: mahali mauzo yanapozaa pacha

Mteja analipa 1,500. Unaandika malipo dhidi ya ankara yake. Siku 2 baadaye mstari wa 1,500 unaingia kutoka benki, programu inauliza ni nini, na mtu anabonyeza kuongeza kama mapato. Tayari mauzo yamehesabiwa mara 2, na kwa kuwa ankara inaonyesha imelipwa na benki inaonyesha imepokea, hakuna kinachong'ata mpaka mwisho wa mwaka. Kwenye QuickBooks malipo mara nyingi hupita kwanza kwenye akaunti ya kati, ambayo kwa miaka mingi imeitwa Undeposited Funds, ili risiti kadhaa ziunganishwe kuwa amana moja kama zilivyofika benki. Ni wazo zuri kwa anayeweka keshi ya siku nzima kwa pamoja. Lakini salio la akaunti hiyo likikua mwezi baada ya mwezi, ni dalili ya uhakika kwamba amana zinaandikwa kama mapato mapya badala ya kuoanishwa na malipo yaliyopo. Fungua mizania, itafute, iwe sifuri au karibu na hapo.

Kwenye majaribio yako fanya hivi: pakia faili la benki la mistari 10, kisha pakia faili hilohilo tena. Faili la OFX, lililobuniwa kwa kubeba miamala ya benki, lina kitambulisho kwa kila mstari, hivyo programu nyingi huutambua mstari uliokwisha kuingia. Faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, halina. Programu inabaki kukisia kwa tarehe na kiasi, na ukiwa na mauzo mawili halali ya 50 siku moja, itaacha moja au itaongeza yote tena. Benki yako ikikupa uchaguzi, chukua OFX.

CSV ina ugonjwa mwingine, tarehe. Benki imeandika 04/07 ikimaanisha tarehe 4 mwezi wa 7, programu imesoma tarehe 7 mwezi wa 4. Mistari ya tarehe 13 kwenda juu itakataliwa, kwa hiyo utajua. Ile ya tarehe 1 hadi 12 itaingia kimya na kutawanyika mwaka mzima. Kabla ya kuthibitisha upakiaji, tafuta mstari mmoja wenye tarehe ndogo na mmoja wenye tarehe kubwa, uvilinganishe na karatasi. Na usifungue CSV kwanza kwenye Excel "kuangalia tu" kisha ukahifadhi. Excel itakuwa imeshajiamulia kuhusu tarehe na imeshakata sifuri za mwanzo kwenye namba za kumbukumbu.

Mapendekezo ya akaunti yanayojitokeza yenyewe kando ya kila mstari yanasaidia kwa kodi ya pango na bili za umeme. Kwa uhamisho kati ya akaunti zako mbili hubahatisha vibaya: upande mmoja huwa gharama, wa pili huwa mapato. Uhamisho uandikwe kama uhamisho, mara 1.

Kodi kwa kifupi

Swali ni moja: bei unayoandika ina kodi ndani au haina? Kwa kodi ya asilimia 20, bei ya 1,200 yenye kodi ndani ina kodi ya 200, si 240. Mpangilio huu ukikosewa siku ya kwanza, kila ankara inakosewa. Jaribu pia ankara ya mistari 3, kila mmoja 1.12: ikikokotolewa kwa kila mstari kodi ni 0.66, ikikokotolewa kwa jumla ni 0.67. Senti 1 haimuui mtu, ila mashine yako ya risiti ikikokotoa kwa jumla na programu ikakokotoa kwa mstari, hesabu mbili hazitakutana mwisho wa mwezi na utapoteza siku ukitafuta wizi usiokuwapo. Kama mamlaka ya kodi unayolipa inadai ankara zitumwe kwa mfumo wake, hilo litangulie kila kitu kilichosemwa hapa. Programu isiyounganika na mfumo huo imeshajiondoa.

Data inalala wapi, na mlango wa kutokea uko wapi

GnuCash na Manager ya kompyuta ni faili lililo mikononi mwako. Kulihifadhi ni kulinakili kwenye diski nyingine. Kulipoteza ni kupoteza kompyuta bila nakala. GnuCash ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja: ukifungua faili linalotumika mahali pengine itakuonya na kukupa chaguo la kufungua hivyo hivyo. Usilichague. Kuweka faili hilo kwenye folda inayojisawazisha mtandaoni na kulifungua kwenye mashine mbili ndiyo njia ya uhakika ya kufuta kazi ya mwenzako. Manager ya kompyuta ni bure bila ukomo wa miamala, lakini watumiaji wengi kwa wakati mmoja wanahitaji toleo la seva au la mtandaoni, na hayo hulipiwa. TallyPrime hukaa kwenye kompyuta au mtandao wa ofisi. Leseni yake ya Silver ni ya mtumiaji mmoja, Gold ni ya wengi.

Za mtandaoni zinakuondolea hofu ya diski na kukupa hofu nyingine. Wave ilijulikana duniani kama programu ya bure; mwaka 2019 ilinunuliwa na kampuni ya H&R Block, na mwishoni mwa 2020 ikaacha kupokea wateja wapya nje ya Marekani na Kanada. Intuit, kampuni yenye QuickBooks, iliiondoa programu hiyo nchini India mwaka 2023. Marekani kwenyewe, baada ya tarehe 30 Septemba 2024 iliacha kuwauzia wateja wapya QuickBooks za kompyuta za Pro na Premier. Hakuna aliyefanya hila. Ni biashara zao. Lakini daftari lako linatakiwa kuishi miaka mingi kuliko uamuzi wa kampuni ya mbali.

Kwa hiyo siku ya majaribio, kabla ya kulipa, toka. Toa orodha ya akaunti, leja kuu nzima ya mwezi wa mfano, orodha ya wadaiwa na wadai kwa umri wa deni, orodha ya bidhaa na thamani zake, na picha za risiti ulizoambatisha. Picha ndizo hukwama: ripoti hutoka Excel vizuri, viambatisho hubaki ndani. Leja iliyotoka ifungue na ujumlishe debiti na krediti. Zikilingana, mlango upo. Baada ya kuanza kazi, fanya hivyo kila robo mwaka.

Odoo, programu nyingine ya biashara utakayokutana nayo, inastahili onyo la sentensi moja: toleo lake la bure la Community lina utoaji wa ankara, si uhasibu kamili, ambao uko kwenye Enterprise.

Ipi kwa nani

Mtu mmoja anayeuza huduma na yuko tayari kujifunza debiti na krediti achukue GnuCash. Asiyetaka kujifunza, au mwenye bidhaa chache, achukue Manager. Inaanza na vichupo vichache na unaongeza kila unapohitaji, jambo ambalo programu ghali hazijalijua. Duka lenye bidhaa nyingi na karani mwepesi wa vidole ni mahali pa TallyPrime. Skrini yake haimvutii mtu, lakini F8 kwa mauzo, F9 kwa manunuzi, F5 kwa malipo na F6 kwa mapokezi vikishakaa mkononi, hakuna ya mtandaoni itakayoikimbiza. Biashara ambayo mhasibu wake yuko mbali na benki yake inaunganika moja kwa moja ichague kati ya Xero na QuickBooks Online: Xero ikiwa mnakuwa watumiaji wengi, kwa kuwa haitozi kwa kila mtumiaji, QuickBooks ikiwa stoo yenu hukimbia mbele ya makaratasi. Zoho Books ni chaguo la kati lisilo na kasoro kubwa, hasa kama barua pepe na wateja wenu tayari wako Zoho. ERPNext ni bora kuliko zote kwa nidhamu, na ni balaa kwa ofisi isiyo na mtu wa kutunza seva. "Bure" yake inaishia hapo.

Siku ya kuhamia

Hamia mwanzo wa mwaka wa hesabu, ikishindikana mwanzo wa mwezi, kamwe si katikati. Hesabu stoo kwa mkono jioni ya siku ya mwisho. Chapisha urari wa daftari la zamani, yaani orodha ya akaunti zote na salio zake. Salio la wateja usiliingize kama namba moja. Ingiza kila ankara ambayo haijalipwa kwa namba na tarehe yake halisi, la sivyo mteja akilipa hutajua amelipa ipi na umri wa madeni wote utaonekana mchanga. Vivyo hivyo kwa wasambazaji. Hundi zilizotolewa ambazo benki haijazilipa ziorodheshwe moja moja, maana salio la daftari na la benki zinapishana kwa kiasi chake, na ukilinganisha benki mwezi wa kwanza bila hizo haitakubali. Programu nyingi hutupa upande wa pili wa salio hizi kwenye akaunti ya mtaji wa kufungulia. Ukimaliza kuingiza vyote, akaunti hiyo ihamishiwe kwenye mtaji na faida zilizolimbikizwa, ibaki sifuri.

Halafu chapisha urari wa programu mpya na uuweke kando ya ule wa zamani, mstari kwa mstari. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, tafuta kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi: 5,400 na 4,500 zinapishana kwa 900. Ikigawanyika kwa 2, tafuta muamala wenye nusu yake. Huenda uliandikwa debiti ukatakiwa krediti. Isipofuata yoyote kati ya hizo, tafuta kiasi chenyewe kama kilivyo, kwani huenda ni mstari mmoja uliorukwa. Endesha madaftari mawili sambamba kwa mwezi 1, na la zamani usilifute hata benki ya mwezi wa pili ikikubali mara ya kwanza.